Mchanga ukiisha kwenye pevingi, bibi na mtoto ndio wa kwanza kujikwaa

Dar es Salaam. Chukua mfano wa nyumba ambayo wakazi wengi wa Tabata, Goba au Kimara wataitambua. Ina geti jeusi, mwembe mmoja na uwanja uliotandazwa pevingi miaka sita iliyopita, wiki moja kabla ya ubarikio wa mtoto wa kwanza. Siku ile kila mgeni aliusifia uwanja.

Miaka sita baadaye hakuna anayeusifia. Masika yamepita, na palipokuwa na mchanga kati ya tofali na tofali sasa pana mianya mitupu. Majani yameota. Chini ya bati lisilo na gata, maji ya mvua yamechimba mstari mrefu. Karibu na geti, matofali matatu yanacheza, na gari likiingia usiku watoto hulitambua kwa mlio wa matofali hayo kabla ya honi.

Wenye nyumba wameshazoea, wanajua pa kukanyaga. Asiyejua ni bibi, aliyekuja kutoka kijijini kwa ajili ya kliniki ya presha. Asubuhi ya pili anatoka na kikombe cha chai kumfuata mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye humwita "mume wangu". Anakanyaga ukingo wa tofali, upande mmoja unabonyea na wa pili unanyanyuka. Chai inamwagika, kandambili inachomoka, na bibi anajikuta ameukumbatia ukuta.

Safari hii ukuta ulikuwa karibu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wanaokadiriwa kufikia 684,000 hufariki dunia kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaoathirika zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 60. Kwa mzee ambaye mifupa yake imepungua uimara, kujikwaa mara moja kunaweza kumvunja nyonga, na nyonga ikivunjika huenda asirudi tena kutembea kama zamani.

Kinachosikitisha ni kwamba tofali linalocheza mara nyingi huanza na tatizo dogo sana, nalo ni mchanga uliopungua kwenye mianya.

Kazi ya mchanga ule

Wapo wanaodhani mchanga unaofagiliwa juu ya pevingi siku ya mwisho ya kazi ni urembo wa kumalizia. Ukweli ni kwamba mchanga huo ndio unaoyashikanisha matofali.

Pevingi hazigandishwi kwa saruji kama vigae vya sebuleni. Chini kabisa kuna udongo ulioshindiliwa, juu yake moramu au kokoto, kisha tabaka la mchanga lenye unene wa takriban sentimita 3, halafu matofali yenyewe. Pembeni huwekwa mawe ya kuyazuia yasisogee. Kati ya tofali na tofali huachwa upenyo wa milimita 2 hadi 5, unaojazwa mchanga laini na mkavu.

Mchanga ukijaa na kukazana vizuri, uzito unaokanyaga tofali moja hugawanywa kwa majirani zake. Gurudumu la gari la shule likipita, matofali kadhaa yanaubeba mzigo kwa pamoja. Mchanga ukiisha, kila tofali linabaki peke yake. Huanza kutikisika, kingo zake zikagongana na kumeguka, na maji yakapenya hadi kwenye mchanga wa chini na kuuhamisha. Hapo ndipo uwanja unapoanza kuwa na mabonde.

Mchanga hupotea kwa njia nyingi za kila siku. Maji yanayotiririka kutoka batini huuchimba. Fagio la chelewa likitumiwa kwa nguvu kila asubuhi huuondoa kidogo kidogo. Sisimizi huupandisha juu na kuacha vichuguu vidogo. Kuku hupekua. Mashine ya presha ya kuoshea magari, ikielekezwa moja kwa moja kwenye mianya, inaweza kuutoa wote kwa asubuhi moja.

Hatari inayoingia na majani

Mwanya uliopungukiwa mchanga hujaa vumbi, majani makavu na udongo. Mbegu zikiangukia humo, mvua moja inatosha kuziotesha. Mizizi nayo huyasukuma matofali na kuyalegeza zaidi.

Hapa ndipo familia nyingi hukimbilia njia ya mkato, na hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa macho zaidi kuliko hata kwenye tofali linalocheza.

Katika nyumba ile ya mfano, baba mwenye nyumba anarudi jioni na dawa ya kuua magugu. Amepimiwa kidogo na kuwekewa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu alihitaji ya kunyunyizia mara moja tu. Anaiweka barazani, karibu na ndoo, aitumie kesho. Mjukuu wa miaka mitatu anaijua chupa ile. Ni chupa kama ile anayokunywea maji.

Kuhamishia kemikali kwenye chupa za maji, soda au juisi ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za watoto kunywa sumu majumbani. Baadhi ya dawa za magugu, hasa zenye kiambata cha parakwati, zinaweza kuua kwa funda dogo tu, na parakwati haina dawa ya kuondoa sumu yake mwilini. Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 2007.

Kama familia imeamua kutumia kiuagugu, kanuni ni chache na hazina mjadala. Kinunuliwe kikiwa kwenye chombo chake halisi, chenye lebo na kilichosajiliwa. Hapa nchini usajili wa viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kisipimwe kwenye chupa ya kinywaji. Kifungiwe juu, mahali mtoto asipofika hata akipanda kiti. Watoto na mifugo wakae mbali na eneo lililonyunyiziwa kwa muda ulioandikwa kwenye lebo.

Ikitokea mtoto amekunywa au ameshukiwa kunywa, asilazimishwe kutapika, na asipewe maziwa wala mafuta ya kula kwa kufuata ushauri wa majirani. Avuliwe nguo zilizolowa dawa, ngozi ioshwe kwa maji mengi, kisha apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo au lebo ya dawa hiyo. Aonekane mzima au la, hospitali ni lazima, kwa kuwa baadhi ya sumu huanza kuonyesha madhara makubwa baada ya saa nyingi au siku kadhaa.

Habari njema ni kwamba kwa uwanja wa nyumbani dawa hiyo kwa kawaida haihitajiki kabisa. Majani ya kwenye pevingi hung'oka kirahisi siku moja baada ya mvua, au baada ya kumwagiwa maji. Bisibisi ya zamani au kisu butu hutosha kuufikia mzizi. Watoto wakubwa wanaweza kushiriki wakiwa wamevaa viatu na glavu, kwa sababu nge na tandu hupenda kujificha chini ya tofali lililolegea. Wakimaliza, wanawe mikono kwa sabuni.

Njia za mkato za kuepuka

Dawa ya magugu si njia ya mkato pekee inayotumika. Zipo nyingine zinazosikika sana mitaani.

Ya kwanza ni chumvi. Kweli hukausha majani, lakini haichagui. Hunywea ardhini na kuudhuru hata mwembe, na huacha alama nyeupe juu ya matofali.

Ya pili ni oili chafu ya gari. Hufanya uwanja uteleze, huchafua miguu na nguo za watoto, na mvua ikinyesha huenda hadi kwenye bustani ya mchicha ya jirani. Mafuta ya taa na petroli kwa ajili ya sisimizi ni hatari zaidi, maana cheche moja ya jiko la mkaa inatosha kuleta msiba.

Ya tatu ni kuchanganya dawa za usafi ili kuondoa ukijani unaoteleza. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi ya klorini, inayounguza macho na mapafu. Ukijani huondoka kwa brashi ngumu, maji na sabuni ya unga, na hukawia kurudi pale ambapo jua linafika na maji hayatuami.

Ya nne ni kumimina saruji kwenye mianya ili kumaliza kabisa usumbufu. Pevingi zimetengenezwa ziweze kucheza kidogo sana chini ya uzito. Saruji haichezi, hivyo hupasuka, maji huingia kwenye nyufa, na siku ya kutengeneza, tofali halitoki bila kuvunjwa. Isitoshe, saruji mbichi huunguza ngozi, na mtoto anayetambaa hawezi kuelezwa asiiguse.

Kujaza upya, hatua kwa hatua

Kazi hii inataka ukavu. Kwa Dar es Salaam na ukanda wa pwani, kipindi kizuri ni kuanzia Juni hadi Septemba, masika yakishapita na vuli haijaanza. Mchanga wenye unyevu hauingii kwenye upenyo wa milimita 3. Hukwama juu na kudanganya macho.

Anza kwa kupima. Chomeka waya mwembamba au ncha ya rula nyembamba ya chuma kwenye mianya ya sehemu mbalimbali. Ikizama zaidi ya sentimita 1 bila kukutana na mchanga, ni wakati wa kujaza.

Kisha chagua mchanga. Unaofaa ni laini, msafi na usio na udongo wa mfinyanzi. Mchanga wa baharini usitumike kwa sababu una chumvi. Mchanga wa kawaida wa ujenzi unaweza kufaa ukikaushwa juani juu ya turubai na kuchekechwa kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Punje zinazopita hapo ndizo zinazoweza kushuka hadi chini ya mwanya.

Kiasi si kikubwa kama wengi wanavyohofia. Kwa matofali ya sentimita 20 kwa 10, yenye unene wa sentimita 6 na mianya ya milimita 3, mita moja ya mraba humeza takriban lita 2.6 za mchanga ikiwa mianya ni mitupu kabisa. Ndoo moja ya lita 20 hujaza mita za mraba 7 hadi 8. Ikiwa kilichopotea ni sentimita 2 tu za juu, ndoo hiyohiyo hutosha zaidi ya mita za mraba 20.

Baada ya hapo, ng'oa majani, toa uchafu kwenye mianya, fagia uwanja na uache ukauke kabisa. Mwaga mchanga kidogo kidogo na uufagie kwa ufagio laini, ukienda mshazari badala ya kufuata mstari wa mianya, ili ufagio usiuchote mchanga unaouingiza.

Mianya ikionekana kujaa, kazi haijaisha. Mchanga unahitaji kutikiswa ushuke. Fundi hutumia mashine ya kushindilia, ikiwa na mpira chini ili isikwaruze matofali. Kwa eneo dogo, kipande cha ubao kilicholazwa juu ya matofali na kugongwa kwa nyundo husaidia. Mchanga utashuka, uongeze tena, ugonge tena, mpaka usishuke. Uishie milimita chache chini ya uso wa tofali.

Mchanga unaobaki juu usiharakishwe kutupwa. Uachwe kwa wiki moja, watu wakipita na kuzidi kuushusha, ndipo ufagiliwe.

Wakati wa kufagia, anayefanya kazi avae barakoa, na watoto wakae ndani, hasa mwenye pumu. Vumbi la mchanga lina silika, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu. Kwa familia inayofanya kazi hii mara moja kwa mwaka hatari ni ndogo, lakini kwa fundi anayefagia mchanga mkavu kila siku barakoa ni kinga ya maisha yake. Mwenye nyumba anayempa fundi chai anaweza pia kumkumbusha avae barakoa.

Lundo la mchanga nalo lisiachwe wazi usiku. Paka huligeuza choo, na kinyesi chao, kama cha mbwa, kinaweza kuwa na mayai ya minyoo. Viluwiluwi wake huingia kwenye ngozi ya mtoto anayechezea mchanga huo peku, na kuacha michirizi inayowasha sana. Turubai lenye mawe juu yake humaliza tatizo.

Mchanga pekee usipotosha

Tofali linalocheza au lililozama haliponi kwa kujaziwa mianya tu. Linyanyuliwe kwa bisibisi mbili, mchanga wa chini usawazishwe na kuongezwa pale ulipopungua, kisha tofali lirudishwe likiwa limezidi wenzake kwa milimita chache, lipigwe kwa nyundo ya mpira hadi lilingane, ndipo mianya ijazwe. Matofali matatu ya getini ni kazi ya saa moja au mbili.

Lakini eneo zima likizama kwa ghafla, hasa karibu na bomba, chemba au shimo la maji taka, usijaze mchanga. Huenda bomba linavuja na kuhamisha udongo, au mfuniko wa shimo umechoka. Zungushia kamba, zuia watoto, mwite fundi.

Bonde dogo nalo lisipuuzwe kwa sababu ya mbu. Anofelesi wanaoeneza malaria hutaga kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, na yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Maji yakituama uwanjani kwa siku kadhaa baada ya mvua, pasawazishwe. Wakati wa ukaguzi huo, familia itazame pia ndoo, matairi na makopo, ambako hutaga Aedesi, mbu wa mchana anayeeneza dengue, ugonjwa ulioitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

Na kama chanzo ni maji ya batini, gata ndiyo tiba. Kujaza mchanga kila mwaka chini ya bati lisilo na gata ni kuchota maji kwa pakacha.

Dakika kumi kila mwezi

Baada ya ukarabati, uangalizi ni mdogo. Mara moja kwa mwezi mzazi apite uwanjani akikanyaga kingo za matofali, hasa njia ya kwenda chooni, bombani na getini, na mahali anapokaa mzee. Linalotikisika lishughulikiwe wiki hiyo. Majani yang'olewe yakiwa madogo. Anayeosha kwa mashine ya presha aishike mshazari, mbali kidogo na tofali, na akague mianya baada ya kukauka.

Katika nyumba ile ya mfano, chupa ya barazani ilikuwa ya kwanza kuondoka. Mama mwenye nyumba aliiona asubuhi kabla mtoto hajaamka, akaifungia na kumwambia mumewe airudishe ilikotoka. Jumamosi iliyofuata walikausha ndoo nne za mchanga juu ya turubai, baba akanyanyua yale matofali matatu, na watoto wawili wakubwa wakashindana nani atang'oa majani yenye mzizi mrefu zaidi.

Bibi hakuruhusiwa kushika ufagio. Aliwekewa kiti chini ya mwembe, akapakata "mume" wake na kuwaelekeza mianya waliyoiruka.

Jioni gari liliingia getini, na mara hii watoto hawakujua baba amefika hadi alipopiga honi.